Mashine Iliyomo Ndani ya Baridi

Kwa miezi kumi na minne, kila Jumanne saa tatu asubuhi, masikio yangu yalikuwa na kazi moja tu: kusikiliza magurudumu ya toroli kwenye korido ya maabara. Likifika kwenye kigae kilichovunjika karibu na ngazi lilikuwa linalia kama mbuzi aliyekanyagwa, na hapo nilijua nina nusu dakika ya kuvua miwani ya kazi, kuweka nywele sawa na kujifanya nasoma.

Aliyelisukuma ni Baridi. Hilo si jina la kuzaliwa. Alikuwa dereva na fundi wa kampuni iliyotuletea naitrojeni, ile hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, ambayo ikimwagika sakafuni inakimbia huku na huku ikitoa moshi mweupe. Darubini yetu haifanyi kazi bila ubaridi huo. Kwa hiyo walinzi, wafagizi, hata Profesa mwenyewe, wote walimwita Baridi, ingawa mimi niliyewahi kushikwa mkono naye nilijua jina na mtu haviendani.

Mimi yeye aliniita Bibi Jalala, na kosa lilikuwa langu. Siku ya kwanza aliniuliza pale ndani huwa nafanya nini hasa, nikamwambia nashughulika na taka. Nikamweleza kwamba ndani ya kila chembe ya mwili kuna protini zinazochakaa, na zikichakaa hupigwa alama, kama nyumba inayosubiri kubomolewa. Kisha inakuja mashine ndogo mno yenye umbo la pete. Inaikamata ile protini, inaivuta kwenye tundu lake la katikati na kuifumua kama mtu anayefumua sweta kuukuu, mpaka ibaki uzi mtupu. Uzi ule unaingizwa kwenye mashine ya pili, iliyo kama pipa lenye makali ndani, unakatwa vipandevipande, na vipande vinajengewa protini mpya. Kazi yangu ni kuigandisha ile pete ghafla, ikiwa katikati ya shughuli, na kuipiga picha maelfu kwa maelfu kwa darubini ya elektroni, hadi umbo lake lijitokeze.

"Kumbe wewe ni bibi wa jalala," alisema.

"Ndiyo. Na wewe uliyeleta barafu ya bibi wa jalala?"

"Mimi ni mtumwa wake."

Tangu hapo akawa anachelewa kuondoka. Atauliza hili, atauliza lile. Pete ina vipande vingapi? Vipande sita, nikamwambia, vimeshikana mabega. Na kimoja kikiharibika? Nikamweleza. Mimi nilidhani mwanamume anayeuliza hivyo anatafuta kisingizio cha kusimama karibu nami, na mwaka ulipogeuka akaniambia kwamba anataka wazee wake waje kwa baba yangu, nikacheka na kulia kwa pamoja, nikamwambia waje upesi.

Walikuwa waje Jumapili. Jumanne ya wiki hiyohiyo, Baridi alishindwa kuinua mtungi.

Haukuwa mtungi mkubwa. Ulikuwa ule mdogo ninaouchukua mwenyewe kwa mkono mmoja, na rafu ilikuwa usawa wa bega. Aliuinua hadi kifuani, ukakataa kupanda. Akaushusha, akavuta pumzi, akaushika tena, safari hii mkono wa kushoto ukisukuma kiwiko cha kulia kwa chini. Nikauona uso wake umefungana kama wa mtu anayefanya hesabu ngumu. Nikaupokea mtungi, nikauweka.

"Nimelala vibaya," alisema.

"Hata wiki iliyopita ulilala vibaya."

"Godoro ni lilelile." Akatabasamu, lakini macho yake hayakuwepo kwenye tabasamu. "Usimwambie baba yako. Atasema ameletewa mkwe mwenye kasoro."

Nikampiga kibao cha mzaha begani. Alikunja uso kidogo, akaondoka na toroli lake bila kukawia. Ndiyo ilikuwa Jumanne ya kwanza ambayo hakukawia.

Saa sita na nusu mlinzi akanipigia simu kutoka mapokezi. "Dokta, kuna mama hapa. Anasema ni mama yake Baridi. Nimempa kiti amekataa kukaa."

Nilishuka ngazi mbili mbili. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu, na mara zote nilikuwa nimejipamba. Sasa nilikuwa na koti la maabara lenye doa la wino na kalamu iliyokwama kwenye nywele. Alikuwa amesimama wima katikati ya ukumbi, mkoba mbele ameushika kwa mikono miwili. Mama huyu alistaafu kazi ya kupiga chapa mahakamani, na bado alizungumza kama mtu anayejua kila neno litaandikwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Una nafasi?"

"Ninayo, mama. Kama ni habari ya Jumapili, baba ameshatengeneza kila—"

"Ni habari ya Jumapili. Twende mahali pasipo na watu."

Nikampeleka kwenye chumba changu kidogo chenye kompyuta mbili na dirisha linalotazama ukuta. Safari hii alikaa. Nilimtolea maji, akayaweka kando.

"Mimi sikuja kukukataa," alianza. "Mtu akitaka kukataa haendi safari. Anakaa kwake ananuna, inatosha. Wewe nimekupenda tangu siku ile ulipoosha vyombo bila kuulizwa vinawekwa wapi."

"Asante, mama."

"Nimekuja kukuomba umkatae mwanangu."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Amekwambia baba yake alikufa na nini?"

"Alisema aliugua muda mrefu."

"Muda mrefu ni miaka kumi na mmoja. Nilimwogesha miaka kumi na mmoja." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Alikuwa fundi rangi. Siku moja alikuwa anapaka milango ya nyumba yetu, akashindwa kuinua brashi kufika juu. Tukacheka. Nikamwambia unazeeka, akaniambia milango imerefuka. Mpaka leo milango yangu ina rangi mbili, ya juu ile ya zamani, ya chini mpya. Halafu ikawa miguu. Halafu mifupa ikaanza kumuuma. Mwisho ikapanda kichwani. Akawa ananiita dada. Baadaye hakuniita kitu chochote."

Kuna mambo mtu anayajua kabla hajaambiwa.

"Sasa ni kaka yake mkubwa," aliendelea. "Baridi alikwambia kaka amevunjika mguu, sivyo? Hakuvunjika kitu. Ana miaka arobaini na minne na hawezi kujigeuza kitandani. Mkewe alivumilia miaka mitatu. Simlaumu, mizigo nilimfungia mimi mwenyewe kwa mikono hii. Jana jioni Baridi alikuwa anavua shati, akakwama. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango ili nisimwone. Mimi ni mama yake, mwanangu. Niliona."

Akafungua mkoba, akatoa barua ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya miaka miwili nyuma. Ndugu wote wawili walikuwa wamepimwa damu, na wote wawili walikutwa nayo. Chini kulikuwa na mstari mmoja unaotaja kasoro ipo wapi. Mama wa watu alikuwa ameupigia mstari kwa kalamu nyekundu ingawa hakuuelewa.

Mimi niliuelewa. Niliuelewa kuliko yeyote katika jengo lile. Ilikuwa pete yangu. Kipande kimoja kidogo ndani yake, pale sehemu mbili zinapogusana, kimebadilishwa na kingine. Nimekitazama kipande hicho miaka mitatu. Nimekigeuza kila upande.

"Baridi anasema wewe unakiona hicho kitu," mama akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Nionyeshe."

"Mama, haitakusaidia."

"Sikusema inisaidie. Nimeishi nayo nyumba moja miaka ishirini. Nataka kuiona sura."

Nikawasha kompyuta. Nikaileta ile picha tuliyoimaliza wiki iliyopita, ile ambayo Profesa alipoiona alivua miwani akaifuta mara mbili. Pete ikajitokeza kwenye skrini, rangi ya samawati na njano, vipande sita vimezunguka tundu dogo jeusi. Nikaigeuza taratibu. Mama akasogeza kiti. Nilimwona anatafuta pa kuweka macho.

"Ni nzuri," alisema hatimaye, kama mtu aliyekosewa adabu. "Kama ua."

"Ndiyo, mama."

"Ubaya uko wapi?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Ni mahali ambapo hata mimi, bila kupaka rangi nyekundu, nisingepatofautisha.

"Hapo tu?"

"Hapo tu. Pete yenye kasoro hii haichoki wala haisimami. Inafanya kazi kwa pupa kuliko nzima. Lakini kwa pupa hiyo inaharibu mpangilio, taka zinabaki, zinajazana kwenye misuli, baadaye kwenye ubongo."

Akaisogelea skrini. "Kwa hiyo kilichomuua mume wangu ni bidii."

"Unaweza kusema hivyo, mama."

"Hata nilimwambia apunguze bidii." Alicheka pumzi moja, kisha akaweka kidole kwenye kioo, juu kabisa ya ile nukta nyekundu. "Sasa unaiona. Unajua ilipo. Mbona huitengenezi?"

Nimesimama mbele ya maprofesa wa nchi za mbali nikaulizwa maswali ya kunitoa jasho, na nikajibu. Swali la mama yule lilinishinda.

"Kuona si kutengeneza, mama," nikasema. "Ziko mabilioni kwa mabilioni. Ziko ndani ya kila chembe yake. Alizaliwa nazo."

"Basi." Akakunja barua yake kwa mikunjo ileile minne. "Wewe una elimu na una miaka mbele yako. Ukimwacha sasa atakuchukia. Ukimwacha akiwa kitandani, atakufa mara mbili. Mimi nimechoka kuzika mtu mmoja mara nyingi." Akasimama, akanishika shavu kwa kiganja kikavu. "Nakuomba kama mwanangu."

Hakunywa yale maji.

*

Bohari ya kampuni yao iko nyuma ya kiwanda cha magodoro. Nilifika saa kumi. Baridi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari lake, anaandika kwenye ubao wenye karatasi, glavu nene zimelala magotini. Aliponiona aliinuka, na alipouona uso wangu akakaa tena.

"Mama amekuja kwako," alisema.

"Amekuja."

"Nilimwambia asubiri nikwambie mwenyewe."

"Ungeniambia lini? Baada ya Jumapili?"

Wenzake wawili waliokuwa wanapanga mitungi walitutazama, wakakumbuka wana kazi upande wa pili.

"Barua ina miaka miwili," nikasema. "Wewe umeanza kuja kwetu miezi kumi na minne iliyopita. Kabla yako alikuja dereva mwingine, yule mwenye mwanya. Nimemuuliza mlinzi wenu hapo getini. Amesema uliomba mwenyewe ubadilishiwe njia."

"Niliomba."

"Kwa hiyo yale maswali yako. Pete ina vipande vingapi. Kimoja kikiharibika inakuwaje. Mimi nikienda nyumbani nacheka peke yangu kama mwehu, kumbe wewe ulikuwa kwa daktari."

"Yule mwenye mwanya alikuja siku moja akasema kule juu kuna wasomi wanapiga picha pete inayofumua protini. Anasimulia kama kichekesho. Mimi nina barua mfukoni imeandikwa kitu hichohicho." Aliinua macho. "Wewe ungefanya nini?"

"Ningesema."

"Nilikuja niseme. Nilikuwa na swali moja tu, nimelikariri njiani. Ukaanza kunieleza habari za sweta. Ukawa unaonyesha kwa mikono, glavu moja imekuvuka nusu, unafumua hewa, umefurahi kama mtoto. Nikasahau nilichokuja nacho. Jumanne ya pili nikaogopa jibu. Ya tatu nikaona, nikishauliza na nikishajibiwa, sina tena sababu ya kukawia pale."

Nilikuwa nimekuja na hasira niliyoibeba kama sufuria la moto, na sasa sikuona pa kuitua.

"Uliza sasa," nikasema.

"Hapana."

"Uliza, Baridi."

Alitazama glavu zake. "Kuna dawa?"

Nilijua namna ya kulijibu swali hilo kwenye mikutano. Kuna sentensi zake, zina matumaini na tahadhari kwa vipimo sawa. Zote zilinikimbia.

"Hakuna," nikasema. "Kuna molekuli zinazojaribiwa, zinaingia pale kwenye kasoro na kuipunguza pupa. Zimesaidia panya."

"Kwa binadamu itachukua muda gani?"

"Miaka kumi. Kumi na mitano. Kama zitafaulu."

"Kaka alianza akiwa na thelathini na nane." Alisema taratibu, bila uchungu, kama anayesoma ratiba. "Mimi natimiza thelathini na nane mwezi wa tisa."

Nikakaa kando yake kwenye ngazi ya gari. Chuma kilikuwa cha moto. Mabega yetu yaligusana, na nikawaza, bila kutaka kuwaza, kwamba chini ya shati lile la kazi, wakati tumekaa hivi tu tumenyamaza, zile pete zinazunguka, zinavuta, zinafumua, hazisubiri sisi tuelewane.

"Jumapili hatuji," alisema. "Nimeshampigia mjomba."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Ungesema njooni. Watu wenye huruma ndio wagumu kuulizwa."

"Si huruma."

"Leo si huruma. Nimemwona shemeji yangu. Alimpenda kaka kuliko mimi ninavyompenda, na hata yeye siku moja aliamka ikawa imegeuka huruma. Aliniambia jikoni, analia. Sitaki niione ikigeuka usoni mwako. Nitakuwa nimelala pale siwezi hata kugeuza kichwa nisitazame."

"Kwa hiyo umeniamulia."

"Ndiyo."

"Na mimi nikikataa?"

"Kataa." Akazichukua glavu, akasimama. Alipanda ndani ya gari kwa kuvuta mlango kwa mkono wa kushoto. "Kuanzia wiki ijayo yule mwenye mwanya atarudi kwenu. Usimkaripie. Hana kosa."

Aliwasha gari. Nilibaki uani na harufu ya dizeli, na walinzi wa kiwanda cha magodoro wananitazama kwa ile staha watu waliyonayo kwa mtu aliyefiwa.

*

Baba yangu ni seremala. Wiki nzima alikuwa anapiga msasa benchi la barazani kwa ajili ya wageni. Ijumaa aliniuliza wanakuja wangapi.

"Hawaji, baba."

Aliendelea kupiga msasa. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, nikitazama vumbi la mbao linavyotua kwenye vidole vyake. Nilipofika kwenye ile miaka kumi na mmoja, mkono wake ukatulia.

"Kijana ni muungwana," alisema. "Amejiondoa mwenyewe. Mwache aende na heshima yake."

"Baba, nampenda."

"Sikusema humpendi. Lakini la kuvunda halina ubani, mwanangu. Sikukusomesha miaka yote ile uje uwe muuguzi wa mtu mmoja." Kisha, kwa sauti ya chini, kwa sababu yeye na mimi hatukuzoea maneno ya namna hiyo: "Nilimuuguza mama yako miezi minne tu. Minne. Mpaka leo sijui nilitokaje."

Tangu Jumanne nilikuwa nampigia Baridi simu, inaita bila kupokelewa. Jumamosi saa nne asubuhi nilivaa viatu vya chini, nikaenda kwao. Sikuwa na hotuba. Nilijiambia naenda kurudisha kitabu chake cha mitambo ya majokofu, nikakisahau nyumbani.

Mlango wa mbele ulikuwa na rangi mbili, kijani juu na krimu chini. Mama ndiye aliyefungua. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Nilikuomba kitu," alisema.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Alitaka kusema neno, lakini kutoka ndani kukasikika sauti ya mtu anayegumia, na mama akageuka. "Marahaba. Basi ingia. Nina mtu nimemwacha nusu."

Nikamfuata. Chumba kilikuwa kisafi mno, kina dirisha kubwa na kitanda katikati ili mtu aweze kupita pande zote. Kaka yake Baridi alikuwa amelazwa ubavu, nusu amegeuzwa, shuka chafu limekunjwa chini ya mgongo wake. Alikuwa na sura ya Baridi. Hilo hakuna aliyeniambia. Pua ileile, nyusi zilezile, na mikono miembamba imewekwa juu ya mto kama vitu vya mtu mwingine.

"Siku zote Baridi humshika huku mimi nikivuta," mama alisema bila kunitazama. "Leo mkono umemkatalia. Amekwenda uani. Shika bega hapa. Na hapa kwenye nyonga. Usimvute, mwegemeze kwako."

Nikamwegemeza kwangu. Alikuwa mwepesi, na mzito kwa wakati mmoja, kwa vile hakuna sehemu iliyokuwa inajisaidia. Mama akavuta shuka, akatandika jingine, akalainisha mikunjo kwa kiganja, haraka haraka, kama alivyokuwa akipiga chapa zamani. Tulipomrudisha chali, vidole vyake vikanigusa kifundo cha mkono. Havikuwa na nguvu ya kushika. Viligusa tu, vikabaki.

Akafungua macho. Alinitazama kwa muda, na uso wake wote ukafunguka.

"Kidege," alisema. "Umerudi."

Nikamtazama mama.

"Mkewe," alisema kwa sauti ya chini. "Ndivyo anavyomwita." Akatikisa kichwa: usimjibu.

"Walisema umekwenda kwenu," kaka yake Baridi akaendelea, maneno yakitoka moja moja. "Nikawaambia Kidege hawezi. Umerudi?"

Nilihisi kuna mtu nyuma yangu. Baridi alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mbao, mkono wa kulia umening'inia. Alikuwa amesikia. Nywele zake zilikuwa na maji, alikuwa ametoka kunawa uso. Sijui alikuwa analia au ni maji tu.

Nilikuwa na miaka tisa ya chuo kikuu. Nilikuwa na picha ambayo hakuna mwingine duniani aliyekuwa nayo, ya kile kilichokuwa kinamla mtu huyu na kilichoanza kumla yule aliye mlangoni. Hapakuwa na hata kimoja katika hivyo ninachoweza kumpa.

"Nimerudi," nikasema.

Kaka akafumba macho, akashusha pumzi. Mama akakusanya shuka chafu, akapita kati yetu bila neno, na mlangoni akamsukuma Baridi kidogo kwa kiwiko ili apate njia.

Nilipotoka nilimkuta Baridi amerudi uani, amekaa kwenye ukingo wa karo la kufulia. Nikakaa upande wa pili, ndoo kati yetu.

"Usingefanya vile," alisema.

"Najua."

"Yeye kesho hatakumbuka ulichomwambia. Mimi nitakumbuka."

"Ndiyo maana nilisema ukiwa unasikia."

Aliinamisha kichwa. Mama akaja akajaza maji kwenye beseni, akaloweka shuka, akatuacha.

"Huwezi kuizuia," Baridi alisema.

"Siwezi."

"Utakaa tu unatazama."

"Sijui nitakaa vipi, Baridi. Sijui kama nitaweza. Mama yako ana haki, baba yangu ana haki, na wewe una haki kuliko wote. Nimetafuta usiku na mchana mtu mmoja asiye na haki nigombane naye, sikumpata."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu, lakini kilikuwa chake. Kisha uso ukamkunjamana, akageukia ukutani, na mimi sikujua kama nimguse au nisimguse, nikabaki nimeushika ukingo wa ndoo kwa mikono yote miwili.

"Nenda nyumbani," alisema, amegeukia ukutani. "Tafadhali. Nenda wakati bado naweza kukwambia uende."

Ndani, kaka yake aliita. Haikuwa sauti kubwa. "Kidege."

Baridi alifumba macho. Tulisikiliza wote wawili. Mama hakuitika, ingawa alikuwa jikoni na alisikia.

"Kidege, uko wapi?"

Niliinuka. Geti lilikuwa hatua kumi upande wa kushoto, limeachwa wazi, na barabarani watu walikuwa wanapita na Jumamosi yao. Nilifuta mikono kwenye gauni, nikaingia ndani.